Pittsburgh: mji wa makombe sita na taulo moja

Tulipofika uwanja wa ndege wa Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania huko Marekani, Oktoba 2023, tulipokewa na wanaume wawili wasiosema. Wa kwanza alikuwa George Washington, rais wa kwanza wa nchi ile, amesimama wima katika sare zake za kijeshi. Wa pili, kando yake kabisa, alikuwa kijana mwenye ndevu na kofia ngumu, ameinama kama mama anayewahi kikombe kisifike sakafuni, mikono imekaribia viatu, anadaka mpira wenye umbo la papai dogo. Zote mbili ni sanamu. Tulimwuliza dada yetu aliyekuja kutuchukua, "Na huyu naye alikuwa rais?" Alicheka mpaka akashika tumbo. "Hapa Pittsburgh huyu ni zaidi ya rais. Huyu ni Franco Harris wa Steelers."

Dada yetu huyu tulisoma naye uuguzi zamani, tukalala bweni moja, tukaazimana kofia za kazi. Baadaye aliolewa, akamfuata mumewe ng'ambo, na sasa anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Sisi tulikuwa wawili, tumekwenda likizo kwa mwaliko wake. Lakini hatukukaa saa mbili nyumbani kwake kabla ya kugundua kwamba tumeitwa pia kwa kazi. Mlangoni mwa friji palikuwa na fomu ya ruhusa ya mtoto wao, umri miaka 12, kuingia timu ya watoto ya mchezo huu wa Steelers msimu uliofuata. Shemeji alikwisha kutia sahihi. Mstari wa mama ulikuwa mtupu.

"Ninyi ni wauguzi wenzangu," alituambia jikoni kwa sauti ya chini. "Tembeeni na mwanenu mjini. Oneni anachokiona yeye. Halafu tuzungumze."

Basi tukatembea.

Mji wa mito mitatu

Pittsburgh ni mji wa milima na madaraja. Mto Allegheny unatoka kaskazini, mto Monongahela unatoka kusini, na pale vinapokutana katikati ya mji unazaliwa mto Ohio. Kupanda mlimani tulitumia kigari kinachovutwa na waya juu ya reli, kilichojengwa mwaka 1877 na bado kinabeba watu. Mmoja wetu alifumba macho njia nzima. Kule juu unaona mito yote mitatu kwa pamoja, na ng'ambo ya kaskazini, ukingoni mwa maji, unaona uwanja wa Steelers wenye viti vya njano, unaotosha watu 68,000 hivi.

Jina Steelers linatokana na chuma cha pua. Mji huu ulikuwa mji wa viwanda vya chuma, moshi usiku na mchana. Timu ilianzishwa mwaka 1933 na Bwana Art Rooney kwa jina jingine, ikaitwa Steelers mwaka 1940. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viwanda vingi vilifungwa, wanaume wakakosa kazi, familia zikahamia majimbo mengine kutafuta riziki. Ndiyo sababu hadi leo timu hii ikicheza mbali, unakuta uwanja wa wenyeji umejaa watu wa Pittsburgh. Ni watoto na wajukuu wa wale waliohama. Walipoondoka walibeba sufuria, picha za ukutani na timu.

Chakula chao pia tulikionja, kwa kuwa akina mama mtatuuliza. Kuna mkate maarufu pale ambao ndani yake wanatia nyama, chipsi na kachumbari ya kabichi, vyote humohumo. Sahani hakuna. Tulikula nusu, nusu tukafunga kwenye karatasi.

Sasa mchezo wenyewe. Usifikiri ni kandanda yetu. Unafanana zaidi na raga, ila wachezaji wanavaa helmeti na vikinga mabega. Huchezwa na watu 11 kila upande, katika kiwanja cha yadi 100, yaani mita 91 hivi. Timu yenye mpira ina nafasi nne za kusogea mbele yadi 10. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao. Kila nafasi huanza kwa watu wazito kuinamiana mstari kwa mstari kisha kugongana. Shika hilo la kugongana, tutalirudia.

Heshima zilizopangwa ukutani

Mtoto alitupeleka kwanza kwenye jumba la heshima la timu, lililofunguliwa hapo uwanjani mwaka 2022. Alikuwa akituongoza kama mwalimu. Kiswahili chake kina lafudhi ya kwao, lakini shikamoo hasahau. "Mama wadogo, hesabuni makombe."

Tulihesabu sita. Kombe la ubingwa wa Super Bowl ni mpira wa fedha uliosimamishwa juu ya kinara, una uzito wa kilo tatu na kidogo. Steelers walilipata Januari 1975, Januari 1976, Januari 1979 na Januari 1980. Makombe manne katika miaka sita, chini ya kocha mmoja, Chuck Noll! Kisha wakakaa robo karne, wakapata la tano Februari 2006 na la sita Februari 2009. Walikuwa timu ya kwanza kufikisha sita. Wenzao wa New England waliwafikia mwaka 2019. Mtoto anayajua na mabao: 16 kwa 6, 21 kwa 17, 35 kwa 31, 31 kwa 19, 21 kwa 10, 27 kwa 23. Laiti angekariri hesabu za shule hivyo, mama yake angelala vizuri.

Rekodi nyingine ni nyingi, hatutawachosha. Moja ilitushangaza: mwaka 1976, katika michezo tisa ya mwisho ya msimu wa kawaida, walifungwa pointi 28 tu kwa jumla, na michezo mitano wapinzani hawakupata hata pointi moja. Na kulikuwa na mwaka 1974, ambapo katika zoezi moja la kuchagua vijana kutoka vyuoni timu hii ilijipatia wanne waliokuja kuingia katika jumba la taifa la mashujaa wa mchezo huo kule Canton, Ohio: Lynn Swann, Jack Lambert, John Stallworth na Mike Webster.

Heshima kubwa kuliko zote kwa mchezaji ni kustaafishwa kwa namba yake, maana yake hakuna mtu atakayeivaa tena. Katika miaka yote tangu 1933 timu hii ilikuwa imefanya hivyo mara tatu tu tulipofika: namba 70 ya Ernie Stautner, namba 75 ya Joe Greene, na namba 32 ya Franco Harris, yule wa sanamu.

Tulikwenda hata mahali alipodakia mpira. Uwanja wa zamani ulibomolewa kwa baruti Februari 2001, lakini karibu na uwanja mpya, kando ya barabara ya kawaida, pamewekwa alama chini. Hapo, tarehe 23 Desemba 1972, timu ambayo kwa miaka 40 haijawahi kushinda mchezo wa mtoano ilikuwa nyuma 7 kwa 6 dhidi ya Oakland, sekunde 22 zimebaki. Mpira ulirushwa, watu wawili wakagongana, mpira ukaruka nyuma, na Franco Harris akaudaka karibu na nyasi akakimbia nao mpaka mwisho. Wakashinda 13 kwa 7. Tendo lile walilipa jina kwa kuchezea maneno ya Wakatoliki kuhusu Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Sisi hatukufurahia sana utani huo, lakini kule wanausema hata mapadri.

Harris alizaliwa na baba Mmarekani mweusi aliyekuwa askari, na mama Mwitaliano aliyekutana na mumewe wakati wa vita. Sherehe ya kustaafisha namba yake ilipangwa Desemba 24, 2022, kuadhimisha miaka 50 ya tendo lile. Alifariki siku chache kabla, akiwa na miaka 72. Aliyesimama uwanjani badala yake ni mkewe, pamoja na mwanawe.

Na yule mchezaji wa Oakland aliyegongana pale hata mpira ukaruka alikuwa Jack Tatum. Agosti 1978, katika mchezo wa kirafiki tu, Tatum huyohuyo alimgonga Darryl Stingley wa New England shingoni. Stingley hakutembea tena mpaka alipofariki mwaka 2007. Jambo hili mtoto hakulijua. Tulilijua sisi kwa sababu dada yetu alitusimulia usiku uliotangulia, na tukalisema palepale kwenye alama ya barabarani. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Hata mkono hakuweza?" Tukamjibu kwamba mkono mmoja aliweza kuusogeza kidogo.

Taulo ya njano

Kuna heshima moja ambayo haina kinara wala kioo, nayo ni taulo. Kila nyumba tuliyoingia ilikuwa nayo: kwenye kiti, kwenye gari, kwenye kitanda cha mtoto mchanga. Ni taulo ndogo ya njano, ya ukubwa wa kukaushia mikono. Jumapili ile timu ilikuwa imesafiri Los Angeles, tukautazama mchezo kwenye televisheni kwa jirani. Kila walipofanya vizuri, mabibi wa miaka 80 walinyanyua taulo wakazizungusha juu ya vichwa. Walishinda 24 kwa 17, na sisi tukaazimwa taulo tukazungusha pia. Mikono iliuma.

Aliyeianzisha ni mtangazaji wa redio, Myron Cope, Desemba 1975, alipowaomba mashabiki waje na taulo za njano kwenye mchezo wa mtoano. Sasa sikilizeni, akina mama. Cope alikuwa na mtoto wa kiume, Danny, mwenye usonji mzito. Alilelewa Allegheny Valley School, taasisi ya kutunza watu wenye ulemavu wa akili na wa viungo. Mwaka 1996 baba yake aliikabidhi taasisi hiyo haki zote za taulo. Tangu hapo kila taulo inayouzwa, faida inakwenda kule, na jumla yake imefika mamilioni ya dola. Cope mwenyewe alifariki mwaka 2008. Fedha bado zinaingia.

Sisi tumefanya kazi kliniki ya watoto miaka mingi. Tunawajua akina mama wanaomleta mtoto wa namna hiyo wamemfunika khanga mpaka usoni, na wengine hawamleti kabisa. Tulikaa tukaitazama taulo ile mezani, imemwagikiwa na mchuzi, tukawaza ni vitanda vingapi imetandika.

Jina lililotusimamisha

Kule kwenye jumba la heshima tulikuwa tumepita jina la Mike Webster haraka, kama mengine. Mtoto alikuwa ametuambia tu kwamba alicheza michezo 220 kwa timu hii, rekodi iliyodumu miaka mingi mpaka Ben Roethlisberger akaivunja, na kwamba alikuwa na makombe manne. Usiku ule, mtoto akiwa amelala na shemeji yuko zamu, dada yetu alitengeneza chai ya tangawizi akatusimulia yaliyobaki.

Webster alikuwa mtu wa katikati ya mstari wa mbele, yule anayeinama na kuutoa mpira nyuma kati ya miguu yake. Maana yake ni kwamba katika kila nafasi, yeye ndiye wa kwanza kugongwa, kichwa kwa kichwa. Alicheza miaka 15 Pittsburgh na miwili Kansas City. Alivaa mikono mifupi hata theluji ikianguka, ili watu wa upande wa pili wamwogope. Mazoezi yalikuwa mengi kuliko michezo, na mazoezini pia aligongwa.

Alipoacha mpira, alianza kupotea. Alisahau njia. Alikasirika bila sababu, kisha akalia. Fedha zikaisha, ndoa ikavunjika, akawa analala ndani ya gari lake na kwenye vituo vya usafiri. Mwaka 1997 alipoingizwa katika jumba la Canton hotuba yake ilizunguka bila mwisho. Mwanawe mmoja, akiwa bado kijana, ndiye aliyekuja kumtunza. Webster alifariki Septemba 24, 2002, kwa moyo, akiwa na miaka 50.

Mwili wake uliletwa kwa daktari kijana wa uchunguzi wa maiti wa wilaya, mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu. Alizaliwa mwaka 1968 katikati ya vita vya Biafra. Mpira ule hakuujua, na Webster hakumjua ni nani. Labda ndiyo sababu aliuliza swali ambalo wengine hawakuuliza: mtu wa miaka 50 awezaje kuishi hivi? Ubongo ulipotolewa ulionekana mzima kwa macho. Omalu aliomba uhifadhiwe, akalipia vipimo kutoka mfukoni mwake. Chini ya hadubini aliona madoa ya protini iitwayo tau, mahali yasipopaswa kuwapo. Aliuita ugonjwa huo kwa herufi CTE. Unatokana na kichwa kupigwa mara kwa mara kwa miaka, na hata mapigo yasiyomfanya mtu azirai yanahesabika. Aliandika taarifa yake mwaka 2005. Madaktari waliofanya kazi na ligi walidai aifute. Hakuifuta. Mtu wa pili alikuwa Terry Long, wa mstari uleule wa Steelers, aliyefariki mwaka 2005 akiwa na miaka 45.

Familia ya Webster ilidai haki ya pensheni ya ulemavu hadi mahakama ya rufaa, ikashinda Desemba 2006. Mwaka 2016 ndipo afisa wa ligi alipokubali mbele ya kamati ya Bunge kwamba mchezo huo na CTE vinahusiana.

Dada yetu alisimulia haya yote kwa mpangilio, kama ripoti ya kukabidhi wodi. Alikuwa amesoma. Alijua kwamba watafiti wa Boston walichapisha mwaka 2017 habari za bongo 111 za waliocheza ligi kuu, na 110 zilikuwa na ugonjwa. Alijua pia, kama muuguzi mwaminifu, kwamba bongo hizo zilitolewa na familia ambazo nyingi zilikuwa zimekwisha kuona dalili, kwa hiyo haimaanishi kila mchezaji anaumwa. Na mpaka sasa ugonjwa huthibitishwa mtu akiisha kufa. "Nikingoja uthibitisho," alisema, "nitaupata kwenye jeneza."

Tulimwambia tunayoyajua. Mtoto akigongwa kichwa, akawa amechanganyikiwa, anatapika, anasinzia isivyo kawaida, anaona viwili, au anasema kichwa kinauma zaidi badala ya kupungua, atolewe kiwanjani aende hospitali, asirudi mchezoni siku hiyo hata akisema yuko sawa. Helmeti inalinda fuvu lisivunjike. Haizuii ubongo kutikisika ndani, kama kiini cha yai usipovunja ganda. Na ubongo wa mtoto bado unajengwa.

Shemeji alirudi saa nne akatukuta bado tumekaa. Ni mtu mwema, msiwaze vingine. Alituambia kwamba mtoto wake ndiye mweusi pekee katika darasa lake, na siku anazocheza mpira na wenzake ndizo siku anazorudi akiimba. "Nikimkatalia huu, nitampa nini?" Hatukuwa na jibu la haraka. Hilo nalo ni la kiafya.

Dada yetu ndiye aliyepata njia ya kati. Upo mchezo huohuo usio na kugongana: kila mtoto anafunga vitambaa viwili kiunoni, na badala ya kumwangusha unamchomoa kitambaa. Wiki ileile, Oktoba 16, kamati ya Olimpiki ilikuwa imeupitisha kwa michezo ya Los Angeles ya mwaka 2028. Alisema acheze huo mpaka atimize miaka 14. Shemeji alikunywa chai yake yote kabla ya kusema sawa. Asubuhi mtoto alipoambiwa alibamiza mlango, na siku hiyo hatukupata shikamoo.

Tulipoondoka fomu ilikuwa bado pale kwenye friji, mstari wa mama mtupu.

Mwaka 2024 alicheza ule wa vitambaa, na baba yake alimpeleka kila Jumamosi. Picha tulitumiwa: amekimbia, kitambaa kimoja kimechomoka, meno yote nje. Mwaka 2025 akatimiza 14, na fomu nyingine ikaja, safari hii ya timu ya shule. Dada yetu alitupigia simu kwetu ikiwa usiku wa manane. Tulizungumza mpaka salio likaisha, tukaongeza, tukazungumza tena. Hatukumwambia asaini, wala hatukumwambia asisaini. Alituuliza kitu kimoja mara mbili, kama mtoto alivyouliza pale barabarani: Stingley aliweza kusogeza mkono gani?